WRX GDA: mbele nianze na kipi, koilova au shokapu za kawaida na bushi?

BoksaMbili

Wakuu, habari za jioni. Gari ni Impreza WRX GDA ya 2003, sedani, injini ya EJ205, gia ya mkono. Rimu ni inchi 17, tairi 215/45. Siku za kazi linazunguka Dar, na karibu kila mwisho wa mwezi linapanda Iringa kupitia mlima Kitonga, kwa hiyo nahitaji kona lakini pia matuta, rasta na mashimo yapo.

Hali ya mbele: shokapu ya kushoto imelowa oili hadi chini, ya kulia kavu lakini gari likibonyezwa linacheza mara mbili tatu. Nikishika breki kwa nguvu usukani unavuta kushoto. Kwenye kona pua inakwenda nje hata nikiwa nimekata usukani wa kutosha. Tairi za mbele zinalika bega la nje kabla ya katikati.

Fedha inatosha njia moja kati ya mbili: koilova mpya (shokapu na springi yake, za kurekebisha kimo) pande zote nne, au shokapu mpya za kawaida na springi fupi kidogo, kisha inayobaki iende kwenye bushi na mauntingi (vishikizo vya juu vya shokapu). Nauliza:
1. Ipi inalipa kwa barabara zetu?
2. Nikichukua koilova, springi ya mbele iwe kg/mm ngapi?
3. Kazi itafanyikia gereji ya kawaida yenye jeki na stendi. Kipi kinaharibika fundi asipokuwa makini?

NatiKumiNaTisa

Mkuu, kabla hujanunua chochote, dalili zako hazitoki kwenye shokapu peke yake. Usukani kuvuta wakati wa breki, kwenye GD (familia ya gari lako) mtuhumiwa wa kwanza ni bushi ya nyuma ya amu ya chini, mkono unaoshika gurudumu kwa chini. Bushi hiyo ndiyo inayoshika gurudumu lisirudi nyuma unapokanyaga breki. Raba ikichanika upande mmoja, gurudumu la upande huo linarudi nyuma milimita chache, mwelekeo wake unabadilika, na usukani unakwenda nao. Hata ukifunga koilova ya bei gani, gari litaendelea kuvuta.

Kuhakikisha ni dakika tano. Gari likiwa juu ya stendi, ingiza bisibisi kubwa kati ya amu na kasha la bushi, sukuma taratibu mbele na nyuma. Raba nzima inakataa na kurudi yenyewe. Iliyochanika utaona mwanya wa umbo la nusu mwezi unafunguka kati ya raba na chuma cha katikati, mara nyingi na vumbi jekundu ndani yake. Ukiona mwanya huo, hapo ndipo fedha ya kwanza iende. Kabla ya kufunga kesi hakikisha pia pistoni za kalipa hazijakwama, kwa sababu kalipa iliyokwama nayo inavuta usukani.

Halafu boljointi, halafu mauntingi za juu pamoja na beringi yake. Mbele ya gari hili springi inazunguka pamoja na usukani, kwa hiyo beringi ya mauntingi ikichoka usukani unakuwa mzito na haurudi katikati vizuri. Shokapu ikitoka, mauntingi iko mkononi mwako. Kurudisha ya zamani juu ya shokapu mpya ni kulipia kazi ileile mara mbili.

Kwa swali la kwanza, mimi kura yangu ni shokapu za kawaida. KYB New SR Special na springi isiyoshusha zaidi ya milimita 20 hadi 25, bushi mpya za amu, mauntingi mpya. Usifunge springi fupi juu ya shokapu zako za sasa wala juu ya shokapu laini za kawaida. Springi ngumu zaidi inahitaji shokapu yenye nguvu zaidi ya kuizuia inaporudi juu. Bila hiyo gari linarukaruka baada ya kila tuta, na pistoni inafanya kazi chini ya silinda karibu na raba ya kikomo. Likilala kwenye raba hiyo katikati ya kona, mbele inakuwa ngumu ghafla na pua inakwenda nje, yaani tatizo lilelile unalolikimbia.

Jambo jingine. Utaambiwa uchukue shokapu za STI za mtumba kutoka nusu gari za Japani. Nyingi za GDB, yaani Impreza STI, ni za kugeuzwa juu chini, ambapo mrija mnene unateleza ndani ya kasha. Ni nzuri sana zikiwa nzima, ila grisi ya ndani ikikauka au bushi zake za kuteleza zikilika zinagonga kwenye kila rasta, na kuvuja kwake huwezi kukuona kwa nje. Anayeuza akikataa usizibonyeze hapo dukani na kuangalia kama zinarudi kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, achana nazo.

Ukinunua amu nzima badala ya bushi, mtajie muuzaji kuwa ni sedani. Amu za wagoni ya GGA ni fupi kuliko za sedani.

MizaniYaMbele

Naungana na mkuu hapo juu kuhusu bushi. Kwenye koilova nina maoni tofauti kidogo, na hesabu ndiyo iamue.

Tuchukulie kila kona ya mbele inabeba kilo 350 juu ya springi, na springi imekaa karibu kabisa na mstari wa gurudumu kama ilivyo kwenye mfumo huu. Springi ya 4 kg/mm italala milimita 88 gari likisimama. Ya 6 italala 58. Ya 8 italala 44 tu. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kutazama: gurudumu likidondoka kwenye shimo, springi ya 8 ina milimita 44 za kusukuma tairi chini kabla haijalegea kabisa. Baada ya hapo tairi linaning'inia, halishiki chochote. Barabara ya lami safi hailioni tatizo hilo. Barabara ya mashimo inaliona kila siku.

Angalia pia kasi ya mtetemo. Kwa kilo hizohizo, springi ya 4 inacheza kama mara 1.7 kwa sekunde, ya 6 kama 2.1, ya 8 kama 2.4. Ukivuka 2 unaanza kuhisi kila kiraka. Kwa matumizi yako, 5 hadi 6 mbele ni kikomo changu. Seti nyingi zinauzwa na 7 au 8 kama kawaida yake, lakini watengenezaji kadhaa wanakubali uchague springi wakati wa kuagiza. Ombeni hilo kabla ya kulipa, baadaye ni kununua springi upya. Ukikutana na namba za pauni kwa inchi, gawa kwa 56 upate kg/mm.

Sasa kwa nini nisiikatae koilova: inakuruhusu kuweka urefu unaoutaka, hata ukaacha gari katika kimo cha kiwandani au chini yake milimita 15. Aina ya kununua ni ile ambayo kimo kinabadilishwa kwa kuzungusha kasha la chini, si kwa kubana springi. Kwa aina hiyo springi inakazwa kiasi cha kutocheza tu, milimita 2 au 3, na shokapu inabaki na safari yake yote hata ukishusha. Kwenye aina ya pete moja, kila unaposhusha unaila safari ya shokapu.

Na kuhusu kushusha, kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Chungulia amu ya chini ukiwa mbele ya gari lililosimama chini. Katika kimo cha kiwandani boljointi iko chini kuliko bushi za ndani, amu inateremka kuelekea nje. Ukishusha sana amu inalala sawa, kisha inaanza kupanda kuelekea nje. Hapo kitovu ambacho gari linalalia kwenye kona kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe unavyoshuka, kwa hiyo gari linalala *zaidi*, si kidogo, japo springi ni ngumu. Vilevile gurudumu likipanda juu linapoteza kemba hasi (juu ya tairi kuinamia ndani) badala ya kuiongeza. Ndiyo maana gari lililoshushwa sentimita 5 linaonekana la mashindano na linakata kona vibaya kuliko la kiwandani. Zipo boljointi ndefu pamoja na tairodi zake za kurekebisha hilo, lakini kwa mtu wa Dar hadi Iringa jibu la bei nafuu ni kutoshusha kiasi hicho.

Hitimisho langu kwa fedha yako: kama bushi zimechanika, fuata ushauri wa NatiKumiNaTisa. Kama ni nzima na mauntingi zinakuja na koilova, chukua koilova yenye 6 mbele. Mauntingi za chuma kitupu zenye gololi ya kuzunguka ziepuke kwa gari la kila siku. Vumbi linazila, na kila jiwe utalisikia ndani.

SpanaNaToki

Swali la tatu nalichukua mimi, maana hapo ndipo vitu vipya vinapoharibiwa.

Siku moja kabla, piga waya wa brashi kwenye nyuzi za bolti mbili zinazoshika shokapu kwenye nako (chuma kinachobeba habu ya gurudumu), kisha pulizia mafuta ya kulegeza kutu. Magari yaliyokaa pwani bolti hizi zinashika. Utahitaji boksi namba 19 kwa bolti za chini na 12 kwa nati tatu za juu na vishikizo vya hosi. Spana ya toki inayofika angalau 200 Nm ni lazima. Kama gereji haina, azima.

Inua mbele yote kwa pamoja, stendi pande mbili, magurudumu yote mawili yaning'inie. Ukiinua upande mmoja stabilaiza (fimbo inayounganisha kushoto na kulia) inavuta amu na utapigana na nako bure. Linki ya stabilaiza kwenye gari hili imeshika amu, si shokapu, kwa hiyo kwa kazi ya shokapu huna haja ya kuigusa.

Toa kwanza kishikizo cha hosi ya breki na cha waya wa ABS kwenye shokapu. Kisha tazama bolti ya juu ya nako: kichwa chake kina mduara usio katikati, na hiyo ndiyo inayoweka kemba. Piga alama ya rangi nyeupe inayovuka kichwa na mwili wa shokapu. Hata kama alaimenti itafanyika kesho, alama hiyo inakufikisha huko bila kula tairi. Wakati wa kufungua, shika kichwa cha bolti kisizunguke, zungusha nati.

Kabla ya kuchomoa bolti ya mwisho, funga nako kwa waya kwenye chasisi. Ukiiacha idondokee nje, uzito unabebwa na hosi ya breki, na eksele inavutika hadi jointi ya ndani inaachana ndani ya buti. Haionekani kwa nje. Fundi anafunga, gari linatoka, na baada ya wiki kunasikika mlio wa kugonga wa "du-du-du" wakati wa kuondoka.

Nati tatu za juu zilegezwe, moja ibaki hadi mtu ashike shokapu kwa chini. Nati ya katikati isiguswe springi ikiwa haijabanwa. Hii ndiyo sehemu inayoweza kumuua mtu. Vibanio viwili vikae mkabala, vishike koili nyingi kadiri inavyowezekana, na zungusha kidogo huku na kidogo kule. Springi ikianza kupinda kama ndizi, simama, rudisha, panga upya. Uso usikae kwenye mstari wa springi hata mara moja.

Shokapu mpya ya mirija miwili, isimamishe wima na ipige bomba taratibu mara tano hivi, chini hadi juu, kabla ya kufunga. Imekaa ghalani imelala na hewa imeingia mahali pa oili. Ukiifunga hivyohivyo itasikika legevu siku ya kwanza na watu watasema ni feki.

Wakati wa kuunganisha, ncha ya koili ya chini ikae kwenye ngazi yake ya kitako, isipande juu yake. Kitako cha juu kina neno OUT, hilo litazame nje ya gari. Ukikosea hapo springi itakuwa inaruka na kupiga "tang" kila ukikata usukani. Raba ya kikomo na kikinga vumbi virudi, kama si vya zamani basi vipya. Shokapu isiyo na kikinga vumbi kwa barabara za changarawe, sili inakwisha mapema sana.

Nati ya katikati usiikaze kwa bunduki ya upepo. Fimbo inazunguka ndani ya sili na kuichana, na shokapu inaanza kuvuja ikiwa mpya. Shika fimbo, kaza kwa mkono hadi 55 Nm. Nati tatu za juu ni 20 Nm tu. Ni ndogo, na watu wanazikatia stadi kwa kuzivuta kama za gurudumu. Bolti mbili za nako ni 175 Nm. Namba hizi ni za sehemu za kiwandani. Koilova ikija na karatasi yake, karatasi hiyo ndiyo inatawala.

Ukibadilisha bushi za amu za raba, nati zake zikazwe kabisa *gari likiwa limesimama kwa uzito wake*, juu ya ngazi za kupandia au shimo. Bushi ya raba imeshikamana na chuma cha ndani na nje, haizunguki, inajipinda. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, gari likishushwa raba inakaa imejipinda muda wote na itachanika kabla ya wakati wake. Hili ndilo kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote kwa sababu kazi inaonekana safi kabisa.

BoksaMbili

Wakuu nimepata zaidi ya nilichouliza. Mwanya wa nusu mwezi upo, pande zote mbili, wa kushoto unaingia kidole. Kwa hiyo nimeamua: bushi, boljointi, mauntingi, New SR Special na springi ya kushusha 20.

Mawili yamebaki. Bushi ziwe za raba au poliyurethani? Nimeona pia kile kifaa cha Whiteline cha bushi ya nyuma ya amu. Na lile bega la nje la tairi, nahitaji bolti za kemba?

MizaniYaMbele

Bushi ya mbele ya amu, poliyurethani ni sawa. Paka grisi inayokuja nayo, si grisi ya beringi. Ikifungwa kavu italia kama kitanda cha chuma. Inazunguka yenyewe, kwa hiyo ile kanuni ya kukaza gari likiwa chini haina uzito kwake, ingawa kufanya hivyo hakudhuru.

Kifaa cha Whiteline kinabadilisha bushi ya nyuma pamoja na kasha lake, kinasogeza mhimili wa amu na kuongeza kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) kama nusu digrii. Faida utaisikia unapotoka kwenye kona huku umekanyaga mafuta: pua hainyanyuki sana, tairi za mbele zinashika, usukani unarudi katikati kwa nguvu. Gharama yake ni mtetemo zaidi sakafuni, na pua kuzama zaidi kidogo wakati wa breki. Kwa Kitonga ningekifunga. Kama gari linabeba familia kila siku na kelele inakukera, chukua raba ngumu za STI, utabaki karibu na starehe ya kiwandani.

Kemba: anza na bolti ya kiwandani uliyonayo. Zungusha mduara wake hadi mwisho wa upande wa hasi, pande zote mbili zilingane, uone unapata ngapi. Gari likishuka milimita 20 unapata kidogo zaidi. Lengo lako ni kati ya hasi 1.3 na hasi 1.8 mbele, tou (tairi kuelekea ndani au nje kwa mbele) sifuri. Ukifika hapo huhitaji kununua kitu. Usipofika, ongeza bolti moja ya kemba kwenye tundu la chini kila upande. Mwili wa bolti hizo ni mwembamba kuliko wa kiwandani, kwa hiyo usiipige 175 Nm. Fuata namba iliyoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu ikivutwa zaidi inarefuka, inalegea, na kemba inahama ukiwa barabarani.

Mwambie fundi wa alaimenti aweke kemba kwanza, tou mwishoni. Ukigusa kemba tou inahama yenyewe, na tou mbaya ndiyo inayomaliza tairi haraka kuliko kemba. Wengi wanarekebisha tou peke yake na kukuambia mengine hayana marekebisho kwenye gari hili. Yana.

SpanaNaToki

Nyongeza ya baada ya kufunga. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda kabla hujafungua kitu, pande zote nne, andika. Pima tena baada ya kilomita 200 hivi, springi zikishatulia, ndipo uende alaimenti. Siku hiyohiyo rudia toki ya bolti za nako na nati za juu.

Likigonga, usianze kubadilisha vitu. Mtu mmoja akate usukani gari likiwa limesimama, wewe weka kiganja kwenye springi. Ikijikusanya halafu ikaruka, ni beringi ya mauntingi au kitako kilichokaa vibaya. Springi ikitulia, gusa nati ya katikati chini ya boneti huku gari linabonyezwa: mchezo mdogo hapo una maana haijafika toki. Mlio wa kugonga unaosikika kwenye rasta tu na si kwenye tuta kubwa, shika linki ya stabilaiza na uitikise kwa mkono. Na kama ni unapoachia na kukanyaga breki mara kwa mara kwa mwendo wa kutembea, rudi kwenye bolti za kasha la bushi ya nyuma ya amu. Zinahitaji nguvu nyingi kuliko zote chini ya gari, na spana fupi haizifikishi.

BoksaMbili

Vipimo vya fenda nimechukua leo: mbele kushoto iko chini ya kulia kwa milimita 9. Jumamosi linapanda stendi.

NatiKumiNaTisa

Milimita 9 ni nyingi kwa shokapu iliyovuja peke yake, mkuu. Ukitoa springi ya kushoto, ifute vumbi na uangalie koili ya chini kabisa, mahali inapokaa kwenye kitako. Kutu hula pale na ncha hukatika bila mtu kujua. Kama kipande kimekatika, kitafute ndani ya kitako ukitoe kabla hujafunga springi mpya juu yake.